Ntumba kwenye Bustani ya Mapadri

Kila asubuhi, kabla hajashika jembe, Mzee Nestory alikuwa anavua kofia na kufuta nayo kiti cha mawe kilicho chini ya mivinje. Anafuta umande, anafuta kinyesi cha ndege, halafu anaivaa kofia ile ile. Mwenyewe hajawahi kukaa pale. Kiti ni cha wageni. Aliambiwa hivyo na padri aliyempa kazi akiwa kijana, na padri yule alishakufa bila kulitengua agizo hilo.

Bustani yenyewe iko juu kidogo ya ziwa, upande wa Kipili. Mapadri wa kizungu wa zamani waliipanda kabla babu zetu hawajazaliwa. Walipanda mivinje mistari miwili, michikichi na malimau, na nyuma wakauacha msitu wa miombo kama walivyoukuta. Katikati kuna uwanja wa nyasi, si mkubwa, unashuka mpaka kwenye ukuta wa matofali uliobomoka. Watu wanatoka Namanyere, hata Sumbawanga, wanakuja kutembea. Huku hakuna baridi kama kule juu. Wanavua masweta, wanasema "jamani kuna hewa", wanapiga picha, wanaondoka.

Mzee Nestory kwao ni Kate, kijiji cha kule juu mlimani, Ufipa. Lakini Kate alibaki mdogo wake tu, na hawasalimiani. Alikuwa analala kwenye chumba cha nyuma ya bustani, na tangu mkewe Leonia afariki hakuwa na chumba kingine.

Mwaka huu akaletwa msimamizi mpya, Mathias. Si mtu mbaya. Alikuja na buti na filimbi, ingawa hatukujua filimbi ni ya nini. Harusi zilikuwa nyingi, watu wanaiwahi Kwaresima, na Jumapili moja akamwita mzee pale kwenye nyasi.

"Mzee wangu, Jumamosi inakuja harusi kubwa. Hapa pamekuwa pori. Nataka wageni wakifika waone bustani imefanyiwa kazi. Wakiridhika, unabaki. Wasiporidhika, kuna kijana Sumbawanga ana mashine ya kukatia nyasi, na yeye anahitaji chumba."

"Wataridhika, baba."

Mathias akaenda Namanyere kushughulikia maturubai.

Mzee Nestory aliziangalia zile nyasi muda mrefu. Zilikuwa zimefika magotini. Ukizifyeka, mvua mbili tu zimerudi, na mgeni haoni kazi yoyote. Basi akafanya anachofanya Mfipa akiona nyasi nyingi na mvua ipo. Akapiga ntumba. Alikusanya nyasi, akapindua udongo juu yake ili zioze humo ndani, likatoka tuta la mviringo, akahamia lingine. Kufika Ijumaa uwanja wote ulikuwa matuta, yamekaa kwa mistari toka kwenye mivinje mpaka ukutani. Tuliokuwa tunapita kuchota maji tulimwambia pole na kazi. Hatukuona kosa.

Jumamosi ikaja Coaster ya wageni wa harusi, tope mpaka kwenye vioo. Mathias alikuwa amekaa mbele na dereva. Alishuka wa kwanza, akasimama. Nyuma yake vigelegele vilianza, vikakatika, kwa sababu bibi harusi, Herieth, alikuwa ameshika shela mkononi na hajui aliweke wapi.

"Zile nyasi ziko wapi?" Mathias akauliza.

"Zimo ndani," akasema Mzee Nestory.

Amos mpiga picha akaangalia huku na huku. "Hakuna shida. Bi harusi, panda juu ya hilo moja, ziwa litaonekana nyuma."

Herieth akapanda. Mguu ukazama, akautoa, kiatu kikabaki.

"Unakanyaga chakula, we mtoto!" Bibi yake, Scola, aliyetoka Mwazye kule Ufipa, alikuwa ameshavua viatu vyake mwenyewe anazunguka katikati ya matuta. "Nani kapiga hizi?"

"Mimi, mama."

Bibi Scola akachuchumaa, akampigia makofi kwa heshima, na wale mama wengine wakafuata. "Utapanda maharage?"

"Maharage."

"Amos, njoo unipige na hii hapa. Bi harusi atasubiri."

Wakapigwa picha wazee wote, kila mmoja na tuta lake. Bibi harusi alipigwa ukutani. Alikuwa analia, lakini shangazi yake alisema kwenye picha itaonekana ni furaha.

Coaster ilipoondoka, Mathias akasema, "Yatandazwe yote. Kesho Jumapili nina wageni wengine."

"Bado hazijaoza, baba. Yanatandazwa mvua za mwakani, tunapanda ulezi."

"Mzee, hili si shamba. Tandaza, ubaki na chumba chako. Nimemaliza."

"Mwakani."

Mathias akawaita vijana wawili waliosimama getini. Wakayaangalia matuta, wakasema wanasubiriwa ziwani. Basi akavua koti, akachukua jembe la mzee, akabomoa tuta la kwanza mwenyewe. Alijua kulishika; mama yake analima Ufipa. Nyasi zikatoka mbichi, za kijani, zimelala kama zilivyolazwa. Akabomoa la pili.

Mzee Nestory alitazama mpaka la tatu. Kisha akaenda chumbani, akatoka na mfuko na blanketi la Leonia.

"Jembe langu, baba."

Mathias akampa. Alikuwa anahema.

"Unaenda wapi sasa? Si unasema na mdogo wako hamsalimiani?"

"Tutasalimiana."

Akalitia jembe begani, akapita chini ya mivinje. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo, kiti cha mawe kimelowa na majani yameshaanguka juu yake. Alikipita na kofia kichwani, akatoka getini, akashika njia ya kupanda mlima. Hajarudi.