Mlima wa Biubwa

Mfinyanzi hulia gaeni. Mwinyimadi wa Mocímboa da Praia, aliyewapiga picha nusu ya watu wa mji ule, hakuwa na hata picha moja ya mkewe. Zilikuwapo. Ziliungua pamoja na studio siku mji ulipovamiwa na watu wakakimbia na roho zao. Baada ya miaka ya ukimbizi Nampula, mume na mke walirudi, wakasimamisha kuta upya, na tangu hapo kazi ikawa moja tu: picha ndogo za bilhete, maana waliokimbia walipoteza vitambulisho vyao njiani. Watu walikuja hata kutoka Quitunda kukaa kwenye stuli yake. "Kaa wima. Inua kidevu. Usicheke." Aliyasema hayo kutwa kucha, na nadhani hata usingizini.

Biubwa, mkewe, si mwombaji. Nyonga aliyoivunja katika kukimbia haikuunga vizuri, akawa mtu wa jikoni na barazani tu. Hata hivyo, kila asubuhi akijuliwa hali hujibu alhamdulillahi kwa moyo mkunjufu, jambo ambalo wakati mwingine lilimuudhi mumewe, aliyetaka wanung'unike wote wawili. Kwa hiyo Mwinyimadi alipokuwa akijiandaa kwenda Nampula kununua wino na karatasi, na Biubwa akasema ana haja, aliacha kila kitu akakaa kumsikiliza.

"Baba Haruna, ukimaliza Nampula, panda komboio la Cuamba. Njiani kuna Malema, na Malema kuna mlima. Nipigie picha."

Malema ndiko alikozaliwa. Baba yake, mtu wa Lindi, alikuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni, akaoa Mmakua wa hapo hapo. Mama akafa Biubwa angali mdogo, akazikwa chini ya mlima ule, na baba akamchukua mtoto pwani. Sura ya mama ilikuwa imemtoka kabisa. Alichokuwa nacho ni ule mlima tu, kama alivyouona kutoka mlangoni mwa duka, nao sasa ulianza kufifia.

"Mimi kufika sitafika tena," alisema. "Nenda ukanionee."

Mwinyimadi akaenda. Ndani ya behewa la treni hiyo alikutana na Gracinda, muuguzi wa Palma aliyekuwa akienda kwao Cuamba likizo. Aliposikia habari ya mlima, dada wa watu aliinuka akamwachia kiti cha dirishani, na Mwinyimadi akamwombea dua papo hapo. Kisha akatoa kamera na kuanza kuhangaika. Huko Ribáuè majabali makubwa yalisimama peke yake katikati ya mashamba, lakini kila alipobonyeza, nguzo ilijileta mbele. Mkono uliozoea watu waliotulia haukujua kuiwahi nchi inayokimbia.

Gracinda alicheka mpaka akajifuta machozi. "Tio, hii ni exposição, maonyesho kamili ya nguzo!"

"Malema tutasimama," alijibu Mwinyimadi. "Mlima hautakimbia."

Kweli treni ilisimama Malema, na mlima ulikuwapo, mkubwa, juani, wazi kabisa. Lakini wauzaji nao walifika dirishani na vitunguu, saumu, karoti na kuku waliofungwa miguu. Mwanamke mmoja aliona kamera. Akatua beseni lake, akajifunga kitenge upya, akasimama.

Basi. Mtu aliyejiweka tayari kupigwa picha, Mwinyimadi hajui kumwacha. "Simama wima, mama. Inua kidevu. Usicheke." Kiswahili hakukielewa, lakini kidevu alikielewa. Wenzake wakasogea, kila mmoja akitaka. Mwinyimadi akawapanga kutoka dirishani kama yuko studio, wafupi mbele, warefu nyuma, akapiga, akawapanga tena. Alipokumbuka alichofuata, honi ilikuwa imeshalia na miti imeshaufunika mlima. Alijipa moyo kwamba atauona wakati wa kurudi. Siku ya kurudi mvua ilinyesha Malema nzima, na dirishani hakuona ila maji.

Alifika nyumbani, akasema kabla hata hajavua viatu. "Nimekuharibia, Mama Haruna. Ulitaka mlima, nimekuletea watu." Akampa kamera na kuinamisha kichwa.

Biubwa alitazama. Mlima ulionekana vipande vipande katikati ya mabega ya wauza vitunguu. Alizipitia picha moja moja, mpaka mume akafungua kinywa kuomba radhi tena.

"Milima haikutani, Baba Haruna. Binadamu hukutana," alisema. Sauti ilikuwa imembadilika. "Mlima nilikuwa nao. Hawa ndio waliokuwa wamenipotea. Mama alikuwa mmoja wao, kwa hiyo sura yake imo humu humu. Mungu akulipe." Akalia, akacheka, akaomba aonyeshwe tena tangu mwanzo.

Mwinyimadi alishukuru kimoyomoyo kwa ujinga wake, akaingia studio kuikuza picha moja ya wale wauzaji, kuichapa vipande vipande na kuvibandika ukutani kwa uji wa unga, mpaka wanawake wa Malema wakasimama pale kwa kimo chao. Kisha akamshika mkewe mkono, wakaenda taratibu kwa ajili ya ile nyonga, akamkalisha kwenye stuli mbele yao.

"Kaa wima," alisema, na kuinua kamera.

Alikuwa akitaka kusema lile la kidevu. Hakulisema. Kidevu cha Biubwa kilikuwa kimekwisha kuinuka chenyewe, sawasawa na cha yule mwanamke wa beseni nyuma yake, na Mwinyimadi, aliyetazama nyuso za watu maisha yake yote, ilimbidi aishushe kamera kwanza afute macho.