Walburga na Kompyuta ya Parokia

Mdogo wangu Walburga alijitia mtegoni mwenyewe, na nilimwambia.

Mwaka elfu mbili na tano alikuwa karani wa parokia hapa Mbinga. Mumewe, Placidi, ni mvuvi kule chini ziwani, Lipingo, na mtoto wao Tereza, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya, alikuwa hukohuko kwa bibi yake. Paroko alishamruhusu. "Mfundishe Marselina wa jikoni kazi, kisha uende kwa mumeo."

Si angefundisha tu akaenda zake? Thubutu! Fundi mmoja akamwambia Windows iliyomo kwenye kompyuta ya ofisi ni ya kunakili, haikulipiwa. Moyo ukamsuta.

"Dada Avelina, tunaandika ubatizo wa watu kwa kitu cha wizi."

"Nyamaza wewe! Mbinga nzima inatumia hiyohiyo."

Hakunyamaza. Akaenda kumweleza paroko.

Windows halali ilimshinda paroko bei. Fundi akaifuta Windows, akaweka Linux, programu endeshi ya bure na halali, wala virusi havikuisumbua tena. Nzuri, sikatai. Ila programu ya daftari la ubatizo ilitengenezwa kwa Windows tu, na kwenye Linux ikagoma kabisa. Majina ya miaka kumi na mmoja hayafunguki! Ikabidi Walburga ayaandike upya kutoka vitabuni, na huku kahawa imeshauzwa, pesa za harusi zipo, wachumba wamejaa barazani, na bila cheti cha ubatizo hakuna ndoa.

Marselina aliijaribu Linux siku mbili, akasema hiyo haiwezi, akarudi jikoni kwa masista. Akaja Kilian, aliyesomea Windows chuoni. Kila alichokizoea hakipo pale alipokizoea. Hakumaliza wiki.

"Vumilia kidogo, binti yangu," paroko akasema. "Ni wewe tu unayeielewa."

Kidogo hicho kikawa miaka miwili. Niliumia mno, acha tu! Nikimwambia aondoke, ananijibu, "Na vyeti vya watu je?" halafu analia.

Pasaka akapewa siku tatu, ruhusa yake ya kwanza tangu hapo, nikashuka naye Lipingo. Tereza alikuwa mlangoni. Placidi akamwambia, "Haya, msalimie."

Mtoto akampigia mama yake goti vizuri, kama alivyofundishwa kwa wageni.

"Shikamoo, shangazi."

Mdogo wangu akaitikia, "Marahaba."