Mshono Unaovuja

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri pikipiki ilipopita nje ya kanisa pale Kanduyi, na Wekoye akaruka kama aliyekalia siafu. Mkewe Edinah alimshika koti. "Baba Hesbon, si ukae, bana!" Angekaaje? Miaka kumi na minane amechomelea ekzosi za bodaboda, na sauti ya kazi yake anaijua kama kikohozi cha mwanawe. Hiyo ilikuwa yake, na ilikuwa inavuja.

Alimkuta mwendeshaji kwenye kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Alikuwa Kipkosgei wa Kitale, aliyemharakisha mwezi uliopita hadi fundi akapiga rangi ya silva bila kwanza kuupaka mshono povu la sabuni na kupuliza hewa ndani kuona kama unavuja, hatua ambayo kwa kawaida haruki. Wekoye alipiga magoti na suti yake ya Jumapili. Chini ya rangi, ufa mwembamba ulikuwa unatema moshi.

"Wacha tu, fundi," Kipkosgei alicheka. "Si unasikia vile inanguruma? Kila mtu ananigeukia."

"Inanguruma wapi?" Wekoye alifoka. "Kutoka Kitale mpaka hapa, hiyo kitu inanitukana mimi. Zima!"