Pengo la Mgeni Rasmi

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti. Nitakueleza taratibu namna jengo linavyoezekwa kwa ahadi, maana nilikuwa katibu wa kamati na niliyaona yote.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Arusha mjini yalijaa redio na mitumba, na kila aliyeuza jiwe moja la thamani kutoka Mererani alianza kuitwa bosi. Kule Sombetini tulikuwa na mjane mmoja tuliyemwita Mama Mwalimu. Asubuhi alifundisha watoto wa vibarua uani kwake, jioni akawafundisha mama zao kusoma, wote chini ya turubai lililochoka. Masika yaliyopita yaliwarudisha watoto nyumbani, na baadhi hawakuonekana tena. Ndiyo maana tuliamua kumjengea kituo cha jamii kabla ya mvua nyingine.

Kuta tulizisimamisha kwa mikono yetu. Likabaki paa, na paa likahitaji harambee.

Usiidharau harambee, ina ufundi wake. Kwanza unatafuta mgeni rasmi mwenye jina. Kisha unamnadi jogoo, na kila anayemnunua anamrudisha ili anunuliwe tena. Jogoo wetu alinunuliwa na wakubwa wote, kwa ahadi, na jioni bado alikuwa wetu. Mwisho mgeni rasmi anashika kipaza sauti na kuahidi mabati, na hapo hakuna mkubwa anayekubali kubaki nyuma.

Alikuwepo pia mama wa Kizungu aliyetumwa na wafadhili wa kwao. Alimwuliza mwenyekiti wetu kituo kitahudumia watu gani.

“Weusi, mama,” mwenyekiti akamjibu. “Sombetini hatuna wengine.”

Alifurahi sana. Alisema wafadhili wake wanawajali hasa watu weusi. Akapiga picha, akaahidi mabati, akaondoka na picha.

Bibi mmoja muuza mandazi hakupewa kipaza sauti. Alikuja siku iliyofuata na bati kichwani, akaliegemeza ukutani, akaenda zake. Wenzake wa sokoni wakafanya vivyo hivyo.

Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa serikali na aliheshimu itifaki. Alimwagiza fundi apange paa kwa vyeo: mabati ya mgeni rasmi mbele, juu ya meza kuu, ya wakubwa wengine yafuatie, ya akina bibi nyuma kabisa.

“Na kama ya mbele hayajaja?” fundi akauliza.

“Mwachie nafasi yake. Utamkalishaje Mheshimiwa chini ya bati la mandazi?”

Fundi akaezeka kilicholetwa. Tarehe ya uzinduzi ilitoka kwa Mheshimiwa mwenyewe, na tarehe ya Mheshimiwa haisogezwi. Siku hiyo meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe mbele, chini ya mbingu. Nyuma walikaa watoto, mama zao na akina bibi, chini ya paa.

Mvua ilishuka kutoka Mlima Meru wakati Mheshimiwa, katika hotuba yake, alipofika kwenye maneno ya moyo wa kujitolea. Sisi wa meza kuu hatukuinuka, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajainuka. Tulilowa kwa utaratibu.

“Mheshimiwa, shikamoo,” Mama Mwalimu akaita kutoka nyuma. “Karibu huku, kuna nafasi.”

Mheshimiwa alitazama juu. “Huku mbele fundi alisahau?”

“Hakusahau, baba. Hapo ni kwako.”

Aliikunja hotuba yake iliyolowa, akapita katikati ya watoto, akaketi kwenye benchi fupi pembeni ya yule bibi.

“Sogea kidogo, baba,” bibi akamwambia. “Hapo ni kwangu.”

Watoto wakacheka, na Mheshimiwa, namsifu kwa hilo, akacheka nao. Kesho yake lori lilishusha mabati yake, na wakubwa waliobaki waliposikia wakaleta yao mbiombio. Wafadhili tu ndio waliochelewa. Waliomba kwanza picha yetu tukiwa tumelowa. Lakini mabati ya Mheshimiwa yalikuwa na ziada, tukazibia pengo lao, na masika hayo hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye harambee, nenda na bati lako kichwani. Lishushe kwanza, ndipo ushike kipaza sauti.