Mfereji wa Upepo

Kazi yangu ilikuwa mifereji ya mvua. Ukiona nyumba ya mabati hapa Kasese ambayo maji yake yanaingia kwenye pipa badala ya kuingia mlangoni, ujue mkono wangu umepita hapo. Nilijua kukunja bati, kulitia lehemu na kulipa mwinamo ili maji yashuke yenyewe bila kubembelezwa. Niliwahi pia kutengeneza jeneza la bati, na mwenyewe hajarudi kulalamika. Magari sikuyajua. Yalipita, yakanipaka vumbi, basi.

Kilichoniingiza kwenye magari ni mapenzi, na mapenzi yenyewe yalikuwa Bwera. Nilikwenda huko kufunga mfereji kwenye nyumba ya mnunuzi mmoja wa kahawa, mzee wa kanisa, mwenye binti. Mfereji ule niliufunga kwa subira ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Mwishowe mzee aliniuliza kama nyumba yake imeongezwa kuta.

Nikatuma mshenga. Mzee hakusema ndiyo wala hapana, alisema atafikiri, na watu wa kahawa wakianza kufikiri unaweza kuzeeka. Lakini mke wake hakungoja jibu. Tangu siku ile ya posa alianza kujificha nisimwone, maana kwao mama mkwe haonani na mkwe wala hamsemeshi. Nikiingia uani, yeye yuko nyuma ya ua wa matete, upande wa jikoni, anakokausha samaki kwa moshi. Akiwa na neno juu yangu anamwambia mtu mwingine aliye karibu. Kukiwa hakuna mtu, anamwambia kuku. Kuku wa nyumba ile walijua habari zangu nyingi.

Sasa mzee alikuwa na ugonjwa wake, nao ni mbio za magari. Miaka ile ya sitini, kabla nchi haijaharibika, wenye magari walikutana Jumapili baada ya ibada kwenye kiwanja cha ndege cha Kasese. Walipanga mapipa, wakafukuza mbuzi, wakazunguka. Mzee alikuwa na gari la Kifaransa, rangi ya maziwa, alilolinunua ng'ambo ya mpaka kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Aliliendesha akiwa amevaa suti ya kanisani na kofia. Na kila mara, kabla mbio hazijaisha, maji yalitokota kwenye rejeta, gari likasimama katikati ya kiwanja likifuka mvuke, naye kando yake kofia mkononi. Walimu walicheka, wenye maduka walicheka, askari wa kambini walicheka mpaka wakakaa chini. Jumapili inayofuata watu haohao anawasomea Maandiko. Lilimuuma sana jambo hilo, na mimi lilinifaa.

Siku moja aliniita kwenye gari, akaweka mkono juu ya boneti, ambalo wao wa mpakani huliita kapo.

"Weye unajua kupeleka maji penye unataka," alisema. "Sasa peleka na hewa. Gari imalize mbio bila kusimama, tutaongea ya binti. Ikisimama tena, rudi kwenu na mukasi yako."

Nikainama, nikachungulia. Ugonjwa ulionekana hata kwa mtu wa mifereji. Upepo uliingia kwa mbele, kwenye show, ule wavu wa pua ya gari, lakini kati ya show na rejeta palikuwa na nafasi kubwa, nao upepo, kama mtu mwingine yeyote, ulikwepa kazi na kupita pembeni. Rejeta ilibaki na joto lake. Nikajiambia upepo ni maji yasiyo na uzito, kwa hiyo nitaujengea mfereji. Nikakunja mabati mapya kutoka kwenye show mpaka kwenye rejeta, mdomo mwembamba mbele, ukipanuka taratibu nyuma mpaka ulingane na rejeta yenyewe. Maungio nikayatia lehemu. Palipogusana bati na rejeta nikaweka mpira wa tyubu kuukuu ili usipenye hata mluzi. Kisha nikaupima kama ninavyopima mfereji wowote: nikaziba upande mmoja, nikajaza maji. Haukuvuja hata tone. Mzee alifurahi, ingawa sidhani kama mmoja wetu alijua tumethibitisha nini.

Tulitoka naye kwenda mpaka Mpondwe na kurudi, kwa mwendo ambao mzee wa kanisa hapaswi kuujua. Tuliporudi uani gari lilikuwa linatokota. Mzee alishuka, akaenda zake ndani bila kunitazama. Mimi nikabaki na mvuke, na binti alikuwa mlangoni akiona yote.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya matete.

"Weye kuku," ilisema, "ule mutu amefanyia moto mulango muzuri. Sasa moshi itatokea wapi?"

Kuku aliendelea kudonoa. Mimi ndiye niliyeingia chini ya gari. Mzee alikuwa amefunga bati nene tumboni mwa gari ili mawe yasiumize injini, na boneti lilikuwa limefunga juu. Upepo wangu uliingia vizuri, ukapita kwenye rejeta, ukakuta chumba hakina pa kutokea. Nilikuwa nimejenga jiko lisilo na tundu la moshi, na mkausha samaki aliliona hilo bila hata kuliangalia.

Siku ya pili mzee alikuwa kwenye kikao cha kanisa. Nikachukua mkasi wa bati, nikakata boneti. Nilikata nyuma tu ya rejeta, mdomo mpana wa kiganja, nikainua ukingo wa mbele kidogo ili joto lichomoke. Binti alishika boneti lisitetemeke, akaniambia, "Baba atakuua." Alisema kwa upole, kama anayesema chakula kiko tayari.

Mzee aliporudi alisimama mbele ya tundu lile muda mrefu. "Kapo yangu," alisema, basi. Tukaenda tena Mpondwe na kurudi. Rejeta ilikaa kimya kama waumini wakati wa sadaka. Mzee alinipa mkono, lakini akanikumbusha: "Bila kusimama."

Jumapili ya mbio Bwera nzima ilikuja kwa lori. Mama mkwe, au niseme mama wa watu, maana bado sikuwa na haki ya neno hilo, alikuja na akina mama wa kanisa. Alikaa amenipa mgongo, kitenge kimefunika kichwa chote, akiangalia mbio kwa kusimuliwa na jirani yake. Afande mmoja wa kambini, sajini mwenye sauti ya lori bovu, ndiye aliyekuwa mwamuzi. "Kando! Rudi nyuma!" alifoka, akaangusha kitambaa.

Gari la rangi ya maziwa lilikwenda, likazunguka, likarudi, likazunguka tena. Lilipita pale lilipozoea kufia, halikufa. Watu walioleta kicheko chao kutoka nyumbani walibaki nacho mdomoni. Mimi kichwa kilinivimba. Nilianza kuwaeleza wasioniuliza jinsi upepo unavyopenda kuongozwa.

Kisha mlima ulio nyuma ya kiwanja ukafunikwa na wingu, na mvua ikashuka.

Nilisema kwamba kazi yangu ilikuwa mifereji ya mvua. Nimekula mvua tangu ujana wangu, nimevaa mvua, na nilitaka kuoa kwa mvua. Na mimi, fundi wa mvua, nilikuwa nimekata tundu la kiganja kizima juu ya paa la injini, nikaliacha linatazama mbinguni. Maji yaliingia, feni ikayapokea na kuyarusha kwenye plagi. Gari likakohoa. Likasimama karibu kabisa na mstari wa kumalizia, mbele ya watu wote. Mzee hakushuka. Nilimwona kupitia kioo, kofia yake ikiwa imeinama, nikatamani ardhi ipasuke.

Nilikimbia nikaweka bega nyuma ya gari, nikasukuma peke yangu kwenye matope. Halikujongea. Halafu nikasikia bega lingine kando ya langu, na gari likaanza kwenda. Nikageuka kushukuru. Kitenge kilikuwa kimeanguka, na uso ulionitazama, umelowa na umekasirika, ulikuwa wa mama wa binti. Akina mama wa kanisa wakasimama wote. Tulisukuma mpaka gari likavuka mstari.

Mzee akashuka. "Imesimama," alisema. "Nilisema bila kusimama."

Mama hakutafuta kuku safari hii.

"Tangu ile posa niko najificha nyuma ya matete kwa sababu ya mutu huyu," alimwambia mumewe, mbele ya kanisa na kambi. "Jikoni yangu ni moshi, macho iko naniuma, nabaki mule mule kwa heshima. Kama yeye si mukwe, miye nilikuwa najificha nani?"

Mzee alimgeukia afande, nadhani akitafuta msaada wa serikali. Afande akakuna shingo. "Mzee," alisema, "hapo mimi hapana amri."

Tulioana msimu wa kahawa uliofuata. Siku ileile ya mbio, nilipowafikisha nyumbani, mama alirudi nyuma ya matete yake, na kuku wa kwanza aliyepita akaambiwa kwamba fundi fulani atengeneze kifuniko cha kapo, kisha atoboe tundu la moshi jikoni. Nilivifanya vyote. Tuliishi jirani miaka mingi, akanilelea watoto, akanitumia samaki kila wiki, nami nilimjua kwa sauti tu. Tulipomzika, watu walinisogeza mbele nimwage mchanga. Nikagundua kwamba tangu posa nilikuwa nimeuona uso wake mara moja tu, kwenye mvua, tukisukuma.