Benchi Aliloniachia Baba Mkwe

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka miguu yangu haitulii. Hata sasa, nikiwa barazani kwangu hapa Bondeni, na magoti haya yasiyotaka tena shamba, nikiigusa tu siku ile kwa mawazo naanza kusugua vidole na kuchungulia nyuma. Wajukuu hunicheka. "Bibi, unamtafuta nani?" Nami huwaambia waendelee na mambo yao. Wewe leo nitakuambia.

Nilikuwa nimeolewa Busale, mkamwana mgeni kabisa, na mila yetu Wanyakyusa wakati ule haikuwa na mchezo: mke wa mtoto hamwoni baba mkwe, wala baba mkwe hamwoni yeye. Nikisikia anakuja, naacha njia naingia migombani. Yeye naye alikuwa muungwana, alikohoa tangu mbali ili nipate muda wa kujificha. Jina lake sikulitamka, na silitamki hata leo. Kanisani aliingia mlango mkubwa, mimi wa pembeni, nikakaa nyuma ya nguzo. Usidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, ingawa ni heshima iliyonichosha shingo.

Kitu kimoja tu tulishirikiana, nacho ni redio. Ilikuwa yake, mbele ya nyumba kubwa, ng'ambo ya migomba. Mimi nilikuwa jikoni kwangu upande huu. Betri zikichoka alizianika juani pamoja na mpunga. Na kila alipoimba yule mwanamke tuliyemwita Mama Redio, kwa kuwa hatukumjua kwingine kokote, mimi niliacha kutwanga nisikilize. Mchi ukinyamaza, ng'ambo ya pili sauti iliongezwa. Hakuna aliyewahi kulizungumzia jambo hilo.

Basi ikatangazwa kwamba Mama Redio anakuja Kyela na bendi yake. Atapiga alasiri moja tu, uwanja wa shule, na kesho yake apande meli Itungi aende zake kusini. Nikashikwa na homa isiyo na dawa. Niliunguza wali, nilimwaga maji ya kunawa, nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mama mkwe akaniambia, "Gwe, wewe mtoto, mchele haujui kama kuna bendi!" Mume wangu Ambakisye akatafuta tiketi. Baba mkwe yeye alisema haendi, atabaki shambani kuamia ndege, maana mpunga ulikuwa unakomaa. Nikashukuru kimoyomoyo. Sikujua kwamba mzee naye anaweza kusema neno asubuhi, na ikifika saa sita moyo ukamshinda.

Uwanja ulizungushiwa uzio wa matete, na ndani yalipangwa mabenchi ya shule. Vipaza sauti vilifungwa juu ya miti. Tulikaa katikati, na wapiga gitaa walikuwa wanajaribu nyuzi, niliposikia kikohozi. Hakikuwa cha mafua. Kilikuwa kile kile cha njiani, na kilitoka mabenchi machache mbele yetu. Nikavuta kitenge kutoka kichwani mpaka puani.

"Tata yuko pale," Ambakisye akaninong'oneza, yaani baba yake. "Nadhani ameshajua kwamba tupo. Akigeuka tu mtaonana."

"Natoka."

"Utatokaje? Njia inapita mbele yake."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi, mwanangu. Sote wawili tulimtaka Mama Redio, na mmoja wetu ilibidi amkose. Mimi ndiye mdogo, mimi ndiye niliyepaswa kuondoka. Nilishika benchi kwa mikono miwili, nataka kusimama na sitaki. Kikohozi kikasikika tena. Mzee akainuka, akaweka kofia yake shavuni upande uliotuelekea sisi, akatoka kiubavuubavu akifuata uzio, kama mtu anayekwepa dimbwi. Akapita mlangoni. Mimi nikabaki, na Mama Redio akapanda jukwaani.

Sasa niulize alivaa nini. Niulize alikuwa mrefu au mfupi. Ndani ya kitenge kile niliona pindo la gauni tu, nalo sina hakika rangi yake. Kila mtu alipokohoa, nami niligeuka. Je, amerudi? Je, watu wa Busale wamemwona akitoka, na kesho watasemaje kisimani? Mama mkwe akijua? Watu walicheka, sikujua wamechekea nini. Walipiga makofi, nikapiga nikiwa nimechelewa. Kuna wakati Mama Redio alisema kwamba gari lao lilikwama kwenye tope njiani kutoka Mbeya, na wakiwa wanasubiri kusukumwa akatunga wimbo kuhusu mvua ya Kyela. Akauimba. Nilishika mstari wa kwanza, halafu nikasikia kikohozi kingine, nikageuka. Nilipotulia tena, watu walikuwa wanasimama.

"Imeisha?" nikamuuliza mume wangu. Alinitazama kwa huruma, akanishika mkono tutoke.

Asubuhi yake nilikuwa natwanga, mama mkwe akaja na ungo wake, akakaa. "Baba yako anasema kuna wimbo wa mvua. Anasema uimbe, tuusikie na sisi tuliobaki nyumbani." Ng'ambo ya migomba redio ilikuwa imezimwa. Nikajua anasubiri. Nikaanza, "Mvua ya Kyela, niache nipite," kwa sauti yangu nzuri kabisa, maana sauti Mungu alinipa. Mstari ukaisha. Nikaurudia. Nikaanza kuguna guna, nikaongeza maneno ya kanisani, nikanyamaza. Nilitamani kinu kinimeze.

Ndipo kutoka ng'ambo ya pili ikapanda sauti ya mwanamume, nzito, yenye mikwaruzo. Aliushika wimbo pale nilipouangusha. Akaimba ubeti wa pili, na wa tatu, na pale gitaa lilipoingia akaliiga kwa mdomo, mpaka mama mkwe akaweka ungo chini akacheka, akafuta machozi. Baada ya kuondoka uwanjani, mzee yule hakwenda nyumbani. Alisimama nje ya matete, kwenye jua, mpaka mwisho.

Mama mkwe alipomaliza kucheka alinigeukia, na uso wake haukuwa na kicheko tena. "Mwenzio alikuwa nje ya uzio, amekuletea wimbo mzima. Wewe uliyeachiwa benchi umetuletea nini?"

Na lililoniuma zaidi ni kwamba hata kumwomba radhi baba mkwe mila haikuniruhusu. Nilipiga magoti nikielekea migomba, nikapiga makofi ya heshima polepole, nikamwambia mama mkwe, "Mwambie tata, ndaga, asante sana. Mwambie arudie, nijifunze." Akarudia. Alirudia siku nyingi, mimi natwanga upande huu, yeye upande ule, mpaka nikaujua wote. Wimbo ule haukuwahi kupigwa redioni. Nadhani Mama Redio aliuacha pale pale Kyela alipoutunga. Baba mkwe naye alikuja kufariki, na uso wake nimeuona kwenye picha tu, picha ya kitambulisho, amekunja ndita. Watu wakinisifu kwamba nilimsikia Mama Redio kwa masikio yangu, huwa naona haya. Ninayemsikia mimi kila nikiuimba ni mzee wa ng'ambo ya migomba, na namlilia mpaka leo.

Siku hizi wakwe na wakaza wana wanakula meza moja, wanatazama taarifa ya habari pamoja wakigombania rimoti. Sisemi ni vibaya. Shingo zenu zimepona. Lakini ule ugonjwa wangu wa uwanjani nauona kwenu umezidi. Mko harusini, roho iko kazini. Mko kazini, roho iko kwa jirani aliyenunua gari. Mtu ameketi na mama yake mgonjwa, anageuka geuka kama mimi na kitenge changu.

Sikiliza basi. Kutangulia si kufika, na kupata kiti si kusikia. Ukiwa mahali, uwe hapo wewe mzima. La pili, usiikalie nafasi yako bila kuuliza ni nani aliyeinuka ili wewe ukae, maana karibu kila benchi tunalokalia kuna mtu amelitoka kimya kimya: mzazi, kaka aliyeacha shule, mtu usiyejua hata sura yake. Wasiwasi wako haumlipi kitu. Anacholipwa ni wewe kurudi na wimbo mzima. Na ukishaupoteza, kama nilivyoupoteza mimi, usione aibu kumwomba aliyesimama juani akufundishe, ukiwa bado una pumzi na yeye bado anayo.

Nenda, mwanangu. Mungu akutulize miguu na moyo. Akupe watu wa kukuachia nafasi, akupe masikio ya kuistahili, na siku yako ya kuinuka ikifika, akupe nguvu ya kusimama nje ya uzio bila kinyongo, uimbe.