Mkate wa Kitani wa Bi Moza

Dada yangu Moza hapimi unga. Anatia mkono ndani ya ndoo, anachota, anatazama, basi. Ukimuuliza kiasi gani, atakuambia "cha kutosha," na ukimuuliza amejuaje kama kinatosha, atakutazama kama uliyemuuliza jua linachomozea upande gani. Nimeishi naye hapa Kengeja umri wangu wote, yeye mkubwa mimi mdogo, na nimemuona akitia shaka upishi wake mara moja tu. Mara hiyo kosa lilikuwa langu, na ndiyo maana naeleza mwenyewe kabla hajaeleza mwingine.

Watu walianza kumjua kwa mkate wa ufuta. Anaubandika unga kwenye chuma cha kuokea, ukishika chini anakigeuza chuma kizima, uso wa mkate ukaelekea makaa ya vifuu, mpaka ufuta uanze kunukia. Wengi wanaufanya hivyo, lakini wa kwake hauangukii jivuni. Mimi wangu umeangukia jivuni mara nyingi na sioni haya kusema.

Mambo yalibadilika baada ya kifo cha Nassor, mumewe. Nassor alikuwa na maradhi ya sukari miaka minne kabla yeyote kati yetu hajajua. Kila asubuhi alikaa kitako na kikombe chake cha bati cha buluu, chai imekolea sukari, na boflo iliyopakwa siagi na jamu, ili asiulizwe kwa nini hali kama wenziwe. Karatasi ya hospitali aliikunja akaitia ndani ya kofia ya zamani. Kidonda cha mguu kilipotufungua macho, mambo yalikuwa yameshafika mbali, na mwaka haukwisha akafariki. Moza aliikuta ile karatasi akifua nguo za marehemu ili azitoe sadaka. Aliisoma, akaikunja vilevile ilivyokuwa, akaendelea kufua.

Alipotoka eda alinikabidhi kopo la sukari, zima, na mfuniko wake.

"Chukua weye," akasema. "Kwangu asubuhi hainywewi tena hino."

Kikombe cha buluu alikitundika msumarini juu ya meko. Hakuna aliyekigusa.

Mbegu za kitani zililetwa na Beata, muuguzi kutoka Bukoba aliyepanga nyumba ya jirani. Alizinunua Chake Chake, zimo ndani ya mfuko mdogo, za hudhurungi, zinang'aa, mfano wa ufuta ulionenepa. Alisema kwao kazini wanaambiwa zina manufaa kwa anayetaka mkate wenye kushibisha bila ya kutegemea unga mweupe mtupu. Moza alizitia mkono, akazinusa, akasema amefahamu. Hakuwa amefahamu. Alizinyunyiza juu ya mkate nzimanzima, kama ufuta, tukala wiki nzima tukijipongeza.

"Bi Moza," Beata akamwambia huku akijizuia kucheka, "hizi zikiingia nzima zinatoka nzima. Zipondwe kwanza."

Basi akazitwanga. Akazitwangia ndani ya kinu cha vitunguu thomu, na siku hiyo tulikula vibiskuti vya ndizi vinavyonuka kitoweo. Mara nyingine alizichanganya na unga wa mkate wa kumimina jioni, akauacha ulale ili uumuke. Asubuhi unga ukinyanyuliwa kwa upawa unavutika kama bamia. Mtu mwingine angeumwaga. Yeye aliuoka, tukapewa mkate mzito wa kuzuilia mlango, na mimi nilipofungua kinywa akaniwahi, "Umeshiba? Basi."

Lakini alijifunza, hilo sitamnyima. Alinunua kinu kingine, kidogo, cha kitani peke yake. Akajua mbegu zitwangwe asubuhi ileile, zitiwe baada ya unga kuumuka, na tui liongezwe kwa sababu zinakunywa. Akatoka mkate wa mtama na kitani, laini ndani, mkavu juu, ambao ukila kipande saa moja asubuhi unafika adhuhuri bila ya kutafuta kitu. Akatengeneza vibiskuti vya unga wa muhogo kwa wajukuu kwenda navyo skuli. Watoto wa mtaa wakajua saa ya kupiga hodi. Na kila aliyesema "Bi Moza, tupe hiyo dawa yako," alirudishwa mlangoni.

"Dawa iko hospitali. Kino ni chakula."

Sasa nije kwenye fungate.

Laila, mwanawe wa mwisho, aliolewa na Suhail wa Tumbe, kijana mtaratibu anayeuza vifaa vya boti. Mama yake Suhail, Bi Mardhiya, alisifika kwa jicho kali. Ilisemwa akiingia harusini anajua pilau imepungukiwa nini kabla hajavua viatu. Kwetu bwana harusi hukaa nyumbani kwa mke siku saba, na chakula chote kinatoka kwa watu wa mke. Kila asubuhi sinia hupelekwa mlangoni limefunikwa kwa kawa, na baadaye hurudi jikoni, na wanawake wote waliopo hutazama kawa likifunuliwa. Likirudi tupu, bibi harusi ameingia na heshima yake. Likirudi na chakula, maneno yanafika Tumbe kabla ya samaki wa jioni.

Moza alisema atapeleka mkate wa kitani.

"Dada, fungate haiendi na mtama!" nikamwambia. "Mwanamume wa watu aje aone tumemlisha kama mgonjwa?"

"Mume wa mwanangu atakula ninachokula miye."

"Bi Mardhiya je?"

"Bi Mardhiya hayumo kwenye fungate."

Tuligombana tangu alasiri mpaka magharibi. Nina ulimi, na siku hiyo niliutumia wote. Nilimwambia kama anataka kumuaibisha Laila kwa ajili ya hasira zake na marehemu, basi aendelee. Hapo nikajua nimemuumiza, lakini sikurudi nyuma. Mwishowe alikubali nusu: mkate utakuwa ule ule wa kitani, ila utapikwa na sukari, na juu utamiminiwa shira ya sukari mpaka ung'ae. Nililileta lile kopo mwenyewe, nikichekacheka.

Siku ya kwanza nililipeleka sinia mimi, maana mama wa bibi harusi huona haya kumkabili mkwewe siku hizo. Supu ya kuku, mayai, maini, na mkate umelala katikati unametameta. Liliporudi, supu imekwisha, mayai yamekwisha, maini yamekwisha. Mkate una alama ya jino moja pembeni. Binamu yetu mmoja akatazama, akasema watu wa Tumbe hawakuzoea kula chakula cha ndege. Wenzake wakacheka ndani ya mitandio.

Siku ya pili hata lile jino halikuwepo.

Moza alikaa juu ya mbuzi ya kukunia, nazi hana mkononi. "Labda nimekosea, Rahma," akasema.

Miaka yote nilikuwa nikiyangoja maneno hayo kutoka kwake. Niliyasikia, na sikuyapenda hata kidogo. Kumuona amekaa vile kuliniuma kuliko kicheko cha wale wanawake.

Basi siku ya tatu nilifanya nililoliona la maana. Nilioka nyumbani kwangu mkate wa kumimina wa mchele mweupe, tui zito, iliki, sukari haina hesabu. Moza alipokwenda kuteka maji nikautoa wa kwake, nikaweka wangu, nikafunika kawa. Nilipeleka sinia nikiwa na furaha ya mtu anayeokoa jahazi.

Ulirudi mzima. Haukuguswa hata kwa ncha ya kidole.

Sikudhani mimi ni mpishi hodari, lakini hakuna mwanamume wa Pemba anayeutazama mkate kama ule na kuupa mgongo. Basi tatizo halikuwa kitani. Nilimngoja Laila atoke uani, nikamshika mkono.

"Mumeo hali mikate yetu kwa nini? Na weye mwenyewe mbona huli?"

Akaanza kulia, kilio cha kubana, asisikike. "Mama mdogo, Suhail ana sukari. Tangu ana miaka kumi na tisa. Mama yake kamkataza asiseme mpaka fungate ipite. Juzi ndo kanambia. Siku ya kwanza nliona haya kula, sasa siwezi kula mbele yake kitu asichoweza kula." Akanishika kanga. "Mama asijue. Kwa baba ilivyokuwa, atamchukia."

Siri kwangu hailali. Nilikwenda jikoni moja kwa moja, nikamwambia Moza yote, na la mkate wangu pia nikalitia humo humo ili nimalize. Alisimama. Aliutua upawa chini.

"Wamenificha," akasema. "Wamenitia mwanangu mle mle nlimotoka miye, na wamenificha."

Niliogopa. Nilidhani atakwenda mwenyewe kumfukuza Suhail. Alipita kutoka meko hadi mlangoni, mlangoni hadi meko, sijui mara ngapi. Kisha akasimama chini ya ule msumari, akakitazama kikombe cha Nassor.

"Kwa hiyo si mkate," akasema.

"Si mkate, dada. Ni shira. Na shira ni yangu mimi."

"Najua ni yako."

Asubuhi ya siku ya nne, ilipokwisha sala ya alfajiri, nilimkuta ameshatwanga. Unga wa mtama, kitani, tui jepesi, hamira, chumvi. Hakutia sukari wala tende. Aligeuza chuma juu ya makaa na mkate haukutikisika. Alimwita Beata, wakanong'onezana kuhusu kiasi cha kipande na dawa za asubuhi, Beata akatikisa kichwa kukubali. Kisha dada yangu alijitanda kanga, akanyanyua sinia mwenyewe. Wanawake wakatazamana. Mmoja akaguna. Moza akapita.

Nilimfuata nyuma. Alilitua sinia kwenye kizingiti, akakaa chini upande wa nje wa pazia.

"Suhail, mwanangu."

Ikaja sauti ndogo, "Labeka, mama."

"Baba yake Laila alikuwa na maradhi yako. Alinificha miaka minne. Alikula sumu mbele ya macho yangu kila siku, na chai nlimtilia miye, kwa mkono wangu, vijiko vinne." Akaliweka sawa kawa. "Sikumkasirikia kwa kuumwa. Nlimkasirikia kwa kuniacha nimtilie. Weye usinifanyie hivyo. Mkate huno hauna sukari. Kula kipande, dawa zako zinywe mbele ya mkeo, wala usijifiche tena katika nyumba hino. Umesikia?"

Nilimsikia Laila akipenga kamasi.

"Nimesikia, mama," Suhail akasema, na alikuwa akilia, hilo mtu hawezi kulificha nyuma ya kitambaa.

Sinia liliporudi, wanawake jikoni wakasogea. Nililifunua kawa mimi, polepole kwa makusudi, wapate kuona vizuri. Hapakuwa na kitu isipokuwa makombo ya mtama. Binamu yetu yule akasema labda leo walikuwa na njaa. Nilimwambia kama anataka kujua zaidi akaoshe sinia, na akaliosha.

Siku ya saba Bi Mardhiya alishuka kutoka Tumbe. Laila alikuwa amempigia simu. Yule mwanamke wa jicho kali aliingia ameinamisha kichwa, akakaa jamvini, akaanza maneno aliyoyapanga njia nzima.

"Bi Moza, niliogopa mtamkataa. Ni mwanangu wa pekee."

"Ningemkataa," Moza akamjibu, na hakupunguza. "Ungeniambia kabla ya ndoa, ningemkataa, na ningekosea. Lakini ulivyonificha ulinidhulumu."

"Nimekudhulumu. Nisamehe."

Moza hakusema amesamehe. Alivuta kinu kidogo, akakisukuma mpaka magotini pa Bi Mardhiya, akampa mchi. "Twanga. Kesho wanarudi kwako, na utakayemuokea ni weye."

Bi Mardhiya akakunja mikono ya buibui, akatwanga. Mimi nikapepea moto. Mbegu zilipolainika akauliza unga wa mtama unaingia kiasi gani, nami nikatabasamu peke yangu, nikingoja "cha kutosha" ile niliyoizoea.

Moza aliinuka, akanyoosha mkono juu ya meko, akakitoa msumarini kikombe cha buluu. Akakipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akachota unga, akausawazisha juu kwa kidole, taratibu, usizidi wala usipungue.

"Hiki," akasema, akampa Bi Mardhiya. "Kimoja. Nenda nacho."